Taa za sensa: mbona sisi tuliokaa hatuhesabiwi?

Wadau, juzi usiku nimezimiwa taa mara nne nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Sijasinzia, sijatoka, naandika habari ambayo mhariri alikuwa anaidai tangu saa moja jioni.

Ilikuwa kama saa tatu na nusu. Muda huo chumba chetu cha habari kinabaki na watu wawili watatu tu, wengine wameshakimbilia daladala. Ghafla giza. Nikampungia mkono yule mdudu mweupe aliyebandikwa darini, taa ikawaka. Nikaandika aya mbili, giza tena. Mara ya tatu nikasimama kabisa na kuruka kama mtu anayefukuza nyuki. Mwenzangu wa dawati la michezo akanitazama, akasema: "Kaka, tatizo lako unaandika kwa vidole tu. Andika kwa mwili mzima."

Mafundi wetu wanamwita mdudu huyo "sensa". Ndiyo, neno lilelile. Agosti 2022 nchi nzima tulihesabiwa, tukapatikana watu 61,741,120, na mimi nimo. Karani alinikuta nimekaa kibarazani na akanihesabu hivyohivyo nilivyokaa. Hii sensa ya ofisini inataka nicheze kwanza.

Ningeishia kwenye utani kama si mama mmoja anayefanya usafi kwenye jengo letu. Simtaji jina, na jengo silitaji, kwa sababu nyote mnajua gazeti halinilipi kiasi cha kumudu wakili.

Mama huyu huanza kazi saa kumi alfajiri. Lifti muda huo huwa imezimwa, kwa hiyo anapanda na kushuka ngazi na ndoo yake na dekio. Ngazi zetu nazo zilifungwa sensa mwaka jana, wakati uongozi wa jengo ulipotutangazia kwa karatasi iliyobandikwa kwenye lifti kwamba sasa tumekuwa jengo la kisasa linalojali mazingira. Siku moja, mwezi wa pili, mama akiwa katikati ya ngazi, ndoo ya maji mkononi, taa ikazima. Akakanyaga hewa. Alivunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Nilimkuta wiki kadhaa baadaye, mkono bado una bandeji, anafagia kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo mama. Pole, nilisikia."

"Marahaba mwanangu. Nimeshapoa."

"Mbona umerudi mapema hivi?"

"Sisi tunalipwa kwa siku. Nikikaa nyumbani na mkono wangu, mkono utanilisha?"

Nikamuuliza kama aliwaambia wakubwa kuhusu taa. Akasema alimwambia msimamizi wake, yule akamjibu kwamba taa zile zinajiendesha zenyewe, hakuna wa kuziambia kitu.

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ya kuandika. Hizo taa zinajiendesha zenyewe? Nani kasema?

Nikamtafuta fundi umeme ninayemfahamu, anayefunga vitu hivi kila siku, nikamwomba anifungulie kimoja nikione. Kinachofungwa kwenye ofisi nyingi ni kidude cha bei ya kawaida chenye kioo cha plastiki kama nusu ya yai. Hakina kamera wala hakisikii. Kinachotafuta ni joto linalotembea. Ile plastiki yenye mistari inakigawia chumba vipande vipande, mfano wa keki, na mwili wenye joto ukitoka kipande kimoja kuingia kingine, ndani kunashtuka na swichi inafunga. Mtu aliyetulia hatoki kipande chochote, kwa hiyo kwa kidude hicho hayupo. Mwandishi, mhasibu, mwanafunzi maktabani, mgonjwa kitandani, wote hawapo.

Fundi akaniongezea mambo mawili ambayo sikuwa nayajua. La kwanza, kidude kinamwona vizuri mtu anayepita mbele yake kutoka upande hadi upande, lakini anayekuja moja kwa moja kukielekea anachelewa kuonekana. Sasa fikiria ngazi. Kimebandikwa ukutani pale ngazi zinapokata kona, kinatazama juu, na mtu anakishukia usoni.

La pili linatuhusu sisi wa pwani zaidi. Kidude kinapima tofauti kati ya joto la mwili na joto la mazingira. Ngozi ya mtu ina kama nyuzi 33 au 34. Chumba chenye kiyoyozi kina nyuzi 23, tofauti ni kubwa, unaonekana kama mshumaa gizani. Lakini ngazi hazina kiyoyozi, na Februari ya Dar es Salaam mnaijua wenyewe: zege limelala na joto la jana, hewa haitembei, ngazini kumekaribia joto lako mwenyewe. Tofauti inapungua, jicho linakuwa zito. Kwa hiyo kifaa kinachomwona vizuri bosi kwenye kiyoyozi ndicho hichohicho kinachoshindwa kumwona mama wa usafi kwenye joto. Sisemi kuna mtu aliyepanga iwe hivyo. Nasema ndivyo ilivyo.

Halafu fundi akakigeuza mgongo. Kuna vitufe vitatu vidogo vya kuzungusha kwa bisibisi. Kimoja cha muda wa taa kukaa inawaka, kingine cha kiasi cha giza ambacho taa ianze kuwaka, cha tatu cha ukali wa jicho. Akaniambia siri ya kazi: wakati wa kufunga, fundi huweka muda mfupi kabisa, sekunde kumi hivi, ili ajaribu kama kinafanya kazi bila kusubiri. Kisha anatakiwa kupanda tena ngazi na kuzungusha kiwe dakika tano, kumi, kulingana na mahali.

"Na wanapanda tena?" nikamuuliza.

Akacheka. "Bro, ukiwa umefunga mia mbili, na jua limezama, na pesa umeshapewa?"

Basi, hizo ndizo taa "zinazojiendesha zenyewe". Kuna mtu aliyeamua kwamba mama avuke ngazi kwa sekunde kadhaa, au kuna mtu ambaye hakuamua chochote na uvivu wake ukawa sheria ya jengo.

Msinielewe vibaya. Mimi si mpinzani wa vitu hivi. Kuna watu wakisikia kitu kimetoka nje wanapinga, na wengine wakisikia hivyohivyo wanapiga makofi. Nimejaribu kukaa chini na kikokotoo, nione vinafaa wapi na havifai wapi.

Nianze na nyumbani kwangu, chumba na sebule, Tabata. Fundi huyohuyo alinitajia shilingi 35,000 kwa kidude kimoja pamoja na kufunga. Taa yangu ya sebuleni ni ya LED, wati 9. Zamani ingekuwa balbu ya wati 60 na hesabu ingekuwa tofauti kabisa. Tuseme mimi ni msahaulifu, kila siku naiacha inawaka saa tatu bure. Hiyo ni wati-saa 27 kwa siku, kwa mwezi haifiki hata uniti moja, ni 0.81. Mimi nanunua uniti kwa kama shilingi 350 hivi ukijumlisha na kodi, kwa hiyo usahaulifu wangu wote wa mwezi hauzidi shilingi 290. Lakini kidude chenyewe nacho kinakula umeme mchana na usiku kikisubiri nipite. Hata kikila nusu wati tu, kwa mwezi ni uniti 0.36. Toa hapo. Nimebaki na faida ya shilingi mia moja na hamsini na kitu kwa mwezi. Kurudisha ile 35,000 itanichukua zaidi ya miaka kumi na nane. Nitakuwa na watoto sekondari, inshallah, na kidude kitakuwa kilishakufa zamani.

Kwa nyumba ya kawaida yenye balbu za kisasa, basi, anayekuuzia sensa kwa kigezo cha kuokoa umeme anakuuzia hewa. Kama unataka taa ya nje iwake mtu akipita getini, hilo ni suala la ulinzi, na hapo nakubali. Mgonjwa au mzee anayeamka usiku kwenda chooni, nakubali pia, tena kwa moyo mmoja. Ila msiniambie kuhusu bili.

Na kusema kweli, majumbani sensa tunayo tayari. Inaitwa LUKU. Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Hakuna kifaa kilichowahi kunifundisha kuzima taa kama zile namba zinazoshuka kwenye mita.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepanga nyumba nyingine, wapangaji watano na mita moja. Pesa ya umeme tunachanga sawa kwa sawa. Jamani! Taa za korido zilikuwa zinawaka usiku kucha na mchana kutwa. Ukizima, mwenzio anawasha. Kila mtu anajiambia, nikizima mimi, anayefaidi ni yule wa chumba cha mwisho mwenye friji na jiko la umeme. Tulikuwa na vikao kama vya Bunge. Mwenye nyumba alipochoka na kesi zetu akafunga mita za kila mpangaji, na wiki hiyohiyo korido ikawa giza, ikabidi tukubaliane upya nani awashe. Wapangaji walikuwa walewale, na balbu hazikubadilishwa.

Sasa jengo letu la ofisi ni ile nyumba ya wapangaji watano iliyojengwa kwa vioo. Kampuni zilizopanga zinalipa gharama za uendeshaji kwa ukubwa wa eneo. Ukizima taa za korido hupunguziwi hata mia. Mlinzi hazimi, hajaambiwa. Wa usafi hazimi, anaogopa kuonekana anagusa visivyomhusu. Mhariri hazimi kwa sababu ni mhariri.

Humo ndimo sensa inapostahili, na kikokotoo kinakubali. Chukua korido za ghorofa moja zenye taa 40 za wati 36. Zikiwaka usiku mzima, saa kumi na mbili, bila mtu kupita, ni uniti 17 na ushee. Kwa mwezi zinafika uniti 518. Majengo makubwa hulipa umeme kwa utaratibu mwingine, kwa hiyo shilingi naziacha, lakini linganisha na majumbani: ile bei ya chini ya Tanesco ni ya mteja asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Korido ya ghorofa moja, bila mtu ndani yake, inakula umeme wa karibu nyumba saba za namna hiyo. Zidisha kwa ghorofa kumi na tano.

Kwa hiyo kwenye korido, funga. Vyooni, funga, ila weka dakika za kutosha, maana kuna watu wamekwama humo gizani na mnajua ninachosema. Stoo, sehemu ya kuegesha magari chini ya jengo, vyumba vya mikutano ambavyo vinatumika Jumatatu tu, funga kote. Juu ya madawati ya watu wanaofanya kazi wakiwa wamekaa, usifunge cha aina hii peke yake. Zipo aina nyingine zinazotuma mawimbi na kusoma mtikisiko mdogo sana, ni ghali kidogo, lakini walau zinamtambua mtu anayeandika. Na kwenye ngazi taa isizime kabisa hata siku moja. Ishuke, ibaki na mwanga hafifu, mtu akitokea ipande. Taa za LED zinaweza kufanya hivyo, wala si maajabu.

Na kila mahali iwepo swichi. Hili ndilo ninalotaka kulisema kwa sauti kubwa kuliko yote. Swichi ya ukutani, ya kubonyeza kwa kidole cha binadamu.

Kama mnadhani nakuza mambo, waulizeni wenzetu Marekani. Jimbo la Massachusetts, mji wa Wilbraham, kuna shule ya sekondari inaitwa Minnechaug. Ilipojengwa upya, zaidi ya miaka kumi iliyopita, ikafungiwa mfumo wa kompyuta wa kuendesha taa zote ili kuokoa umeme. Agosti 2021 programu ya mfumo huo ikaharibika, na taa zote, takriban 7,000, zikabaki zinawaka. Usiku na mchana, masomo na likizo. Hakukuwa na swichi za kawaida za kuzizima. Kampuni iliyoufunga ilikuwa imeshauzwa na kuuzwa tena, vipuri vikachelewa, na hali hiyo iliendelea hadi mapema 2023. Walimu walikuwa wanapanda kutoa balbu kwa mikono ili wanafunzi waone picha za projekta. Shule ikawa inalipa maelfu ya dola kila mwezi kwa sababu ya mfumo wa kubana matumizi.

Ikiwa hayo yamewapata watu walio na fundi wa kampuni ndani ya nchi yao, sisi ambao fundi alifunga akaondoka na bisibisi yake tutakuwa salama?

Nina jingine, halafu nimalize. Mchana, ghorofani kwetu, pazia zote zimeshushwa na taa zote zinawaka. Nje jua linatoa mwanga wa karibu laksi 100,000, wakati meza ya kusomea ofisini kwa viwango vya Ulaya inahitaji 500 tu. Tunaufungia nje, kisha tunanunua mwingine. Sababu ni kwamba jengo limevikwa vioo pande zote kama vile tupo London, jua la saa tisa linaingia na joto lake, tunashusha pazia, chumba kinakuwa pango, tunawasha taa, taa nazo zinaongeza joto, kiyoyozi kinalia. Zipo sensa za kupima mwanga wa jua ambazo hupunguza taa za karibu na dirisha. Nzuri sana, lakini nyuma ya pazia lililofungwa zitapima nini? Na London jua linazama kabla ya saa kumi jioni mwezi Desemba na baada ya saa tatu usiku mwezi Juni, wanahitaji kweli kifaa cha kuwafuatilia. Hapa Dar machweo ya mwaka mzima hayaachani hata saa moja. Saa ya kawaida ya ukutani ingetosha kuwasha taa za nje. Majengo ya zamani pale katikati ya jiji yenye vibaraza vya zege juu ya madirisha yalilijua hili bila kompyuta. Tunayabomoa.

Najua kuna mtu ataandika kwenye maoni: umeme si upo siku hizi? Ni kweli, Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha Februari 2024 na limejengwa kwa megawati 2,115. Mimi mgawo wa 2006 uliniacha nasoma kwa koroboi nikiwa shule ya msingi, kwa hiyo sina hamu ya kuudharau umeme wa Rufiji. Lakini hoja yangu haikuwa uhaba. Kama umeme upo wa kutosha, basi hakuna hata sababu ya kuzima ngazi.

Baada ya ile juzi, mhariri wetu alipiga simu moja kwa uongozi wa jengo. Moja tu. Alilalamika kwamba gazeti linachelewa kwenda mtamboni kwa sababu ya giza. Kesho yake saa nne asubuhi fundi alikuja, akapanda juu ya meza yangu, akazungusha kitufe, akahamia kingine. Chumba kizima hakikumchukua nusu saa. Sasa taa zetu zinakaa dakika ishirini. Nikamwomba, fundi, na ngazi je? Akasema karatasi yake ya kazi imeandikwa ghorofa yetu tu.

Nikaenda mwenyewe kwa msimamizi wa jengo. Alinipokea vizuri, akanipa soda, akaniambia niandike barua pepe. Niliandika siku hiyohiyo. Nimeandika tena Jumatatu.

Leo alfajiri nilikuwa natoka zamu ya usiku, nikashuka kwa ngazi. Nilikutana na mama ghorofa ya tatu anapanda, ndoo mkono wa kushoto, dekio kwapani, na simu ameing'ata kwa meno, tochi inamulika mbele. Hakuweza kuitikia shikamoo yangu. Alitikisa kichwa tu, na mwanga ukacheza ukutani.